Picha ya Duara la Mageni

Mwaka themanini na nne, pale Kharumwa, kijiwe cha kahawa cha Salehe kilikuwa benchi moja refu mbele ya banda lake, na wachimbaji wa dhahabu walilikalia tangu asubuhi wakingoja masika yaishe. Bujiku alikuwa mtu wa maneno machache tangu duara lao, shimo walilokuwa wakichimba, lilipoporomoka na kumfukia mwenzake Mageni. Alikuja kijiweni kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya mno. Siku hiyo alimkuta Apolonia, binti anayesomea filamu Dar es Salaam, amepakata kinasa sauti. Alitaka kutengeneza picha ya ajali ile, na kwanza ilimpasa afanye utafiti.

— Utafiti gani tena? aliuliza Bashiri, ambaye wote walimwita Redio kwa kuwa hazimiki. — Mtu kafa, kafukiwa, piga picha, basi!

— Sivyo, kaka. Mwalimu wetu anasema kuna mambo mdomo hauyasemi mpaka mwili uyafanye. Naomba tuigize kwanza, bila kamera. Nione nani alisimama wapi, nani alishika nini. Hapo ndipo nitajua la kuuliza.

— Haya, mimi ndiye Mageni, alisema Januari Baruti, mpasua miamba. — Nitaingia kwenye pipa, mnifunike.

— Wapi bwana! alidakia Redio. — Pipa na shimo wapi na wapi? Dada ashushwe mwenyewe kule chini, akae gizani mpaka ajikojolee. Huo ndio utafiti.

— Atakuwa ametafiti woga wake tu, alisema Salehe huku akimimina kahawa. — Afukiwe mtu kweli, na mpira wa kupumulia, na hicho kinasa sauti kifuani.

— Nani sasa? aliuliza Redio.

— Wewe Redio. Pumzi unayo ya kumwaga.

Wakacheka. Bujiku hakucheka. Alikiweka chini kikombe chake kabla hakijaisha, na Apolonia akamwona.

— Baba, nasikia wewe ndiye uliyekuwa juu, na kamba.

— Ndiye mimi.

— Unaweza kunionyesha?

Hakujua kwa nini alikubali. Alisimama, akashika kamba isiyokuwapo, akaanza kusimulia yale aliyokwisha kumsimulia kila mtu: kamba ililegea, vumbi likapanda, wakafukua kwa majembe na kwa mikono bila kumfikia, Mageni alikuwa ameshakufa. Lakini alipofika kwenye kufukua, magoti yake yakakunjika yenyewe. Akajikuta chini, sikio limelala kwenye udongo.

— Unasikiliza nini, baba?

— Anagonga, alisema Bujiku. — Nyundo kwenye mwamba.

Januari, ambaye naye alikuwapo siku ile, akageuza uso.

— Halafu?

— Mvua ikaja. Kubwa, mayu wane, mama yangu! Kingo zikaanza kumeguka. Tukakimbia.

Hakuna aliyekuwa amemwona mwanamke aliyesimama nyuma ya benchi, kifurushi kichwani, matope ya safari miguuni. Apolonia ndiye aliyegeuka kwanza.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mimi ni Limi, mama yake Mageni. Natoka Mhunze. Nimekuja nionyeshwe alipolala.

Salehe akasogea ampishe. Mama hakukaa.

— Waliniambia alikufa papo hapo, alisema, kwa Kiswahili cha polepole. — Mvua ilipokatika, nani alirudi kusikiliza?

Januari alitazama mikono yake. Bujiku, bado yuko magotini, alitaka kusema kwamba mvua ilikesha, kwamba mdomo wa shimo ulikuwa tope tupu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

Aliinuka bila kupangusa udongo shavuni, akaingia bandani kwa Salehe, akatoka na jembe. Januari akachukua beleshi. Wengine wakafuata bila kuitana.

— Mama, na mimi nije? Apolonia aliuliza.

— Njoo. Utabeba udongo.

Kinasa sauti kikabaki kwenye benchi.

Walimfikia kesho yake jioni. Kabla mtu yeyote hajamtazama vizuri, Limi alivua kitenge chake cha mabegani, akamfunika mwanawe mwili mzima, pamoja na mkono uliokuwa bado umeshika nyundo. Hakuuliza swali jingine.