Waliniombea Mume, Bwana Akanipa Kazi

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na ninyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango, Bwana asifiwe tena, maana najua mmekaa hapo ili mtoke mapema. Leo nawaomba mvumilie. Mchungaji amenipa nafasi, na mimi nikipewa nafasi huwa naeleza jambo tangu mwanzo wake, asibaki mtu wa kumuuliza jirani.

Kwa wasionifahamu, naitwa Salome. Nimekulia hapa hapa Misugusugu, Kibaha. Wazazi wangu walikuja Pwani kutoka Tabora, wakajenga hapa wakati majirani walikuwa wachache na mihogo ilikuwa mingi. Baba alishatangulia. Mama ndiye yule pale mwenye kitenge cha kijani, anayejifanya hasikii kuwa anatajwa.

Niliondoka nchini nikiwa bado kijana, nikaenda Omani, katika mji wa Maskati. Kazi yangu ilikuwa kumtunza bibi wa familia moja ambaye alikuwa hawezi kutembea. Huko nilijifunza kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, kumlisha asipaliwe, na kumnyanyua bila kumuumiza yeye wala mgongo wangu. Watu wale walinitendea vyema, sitasema uongo mbele ya madhabahu. Lakini mwaka mmoja mama yangu aliugua huku, akalazwa, na mimi nikaambiwa alipokwisha kupona. Nilipouliza kwa nini hawakunipigia, mama akaniambia kwenye simu, "Ungefanya nini, mwanangu? Ungelia tu huko, na wa kulia huku walikuwepo wa kutosha."

Neno hilo halikuniacha. Bibi yule alipofariki, wenyewe walinishukuru, nami nikarudi nyumbani. Nikamwahidi mama kwamba siondoki tena.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu, maana wapo hapa wenye watoto wao nje, na ni vizuri waelewe. Mtu akirudi na miaka arobaini na sita, hakuna anayefikiri kwamba anatafuta kazi. Kila niliyemwamkia aliniuliza nimekuja kufungua biashara gani. Wengine waliniletea watoto wao niwaajiri. Akiba yangu ilikuwa imeishia kwenye paa la mama, na paa huwezi kulirudisha dukani.

Nikaenda Zegereni, kwenye viwanda. Nilifika getini asubuhi, nikasimama na vijana waliokuwa wakisubiri kuchaguliwa. Mlinzi aliniona akaja mbio.

"Shikamoo, mama. Mwanao yuko idara gani nikuitie?"

"Marahaba, baba. Sijaja kwa mwanangu. Natafuta kazi mimi mwenyewe."

Akaingia kwenye kibanda chake akanitolea kiti. Ndugu zangu, kiti kile kiliniuma kuliko kama angenifukuza. Nilikaa juu yake kwa heshima zote, nikawatazama vijana wakiitwa mmoja mmoja, nikamrudishia, nikamshukuru. Nilijaribu na kwenye zahanati. Wakaniuliza cheti cha uuguzi. Sikuwa nacho, na walikuwa na haki ya kuuliza.

Katikati ya hayo wakala aliyenipeleka Maskati mara ya kwanza akanipigia. "Dada Salome, kuna familia inataka mtu mwenye uzoefu. Nafasi ni yako. Nipe jibu mwisho wa mwezi." Mama alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele, na alisikia yote. Kesho yake nilimkuta ametoa begi langu lile kubwa chini ya kitanda, analifuta vumbi kwa kitambaa cha maji.

"Mama, unafanya nini?"

"Nalisafisha. Kama ni kwenda, uende na begi safi. Watu wasiseme umetoka kwa mama mchafu."

Niliingia chumbani nikafunga mlango, nikapiga magoti. Nikasema, Bwana, wewe unaona. Mimi sitaki kwenda. Nipe kazi katika nchi hii, kazi yoyote ya halali, nisimwache mama huyu mara ya pili. Niliomba mpaka nikaishiwa maneno, nikabaki kusema jina lake tu.

Alhamisi nikaja hapa kwenye maombi. Naomba hapa nieleze taratibu, maana ndipo mambo yalipogeukia. Mnajua desturi yetu. Mtu mwenye jambo anasimama na kusema, "Naomba mniombee, nina hitaji." Basi, anakaa. Hasemi hitaji gani, na kumuuliza si adabu. Ni desturi nzuri, inasitiri watu. Lakini kila anayelisikia neno hilo analijaza mwenyewe. Mwanafunzi akisema ana hitaji, tunajua ni mtihani. Kijana aliyenyoosha shati akisema ana hitaji, tunajua anataka kuoa. Na mwanamke wa miaka arobaini na sita, hana mume, ametoka nje, akisimama na kusema ana hitaji huku anafuta machozi... Mnacheka, ndugu zangu, lakini walioomba ni ninyi.

Wakati wa kutoka Mama Tumaini, mwenyekiti wetu wa akina mama, alinishika mkono. "Mwanangu, tumeingia kwenye mfungo kwa ajili yako. Na tumekuwa wazi mbele za Bwana. Awe mcha Mungu, na asiwe mlevi."

Mimi nikajua naombewa mwajiri. Nikasema, "Amina, mama. Na asiwe anachelewesha mshahara."

Akanitazama kidogo. "Hilo nalo ni la muhimu," akasema, akaenda zake.

Haukupita muda akanitumia ujumbe. Jumapili baada ya ibada wageni kutoka Kisarawe watakuja nyumbani kuhusu hitaji langu, nijitengeneze vizuri. Nikajitengeneza kwa kazi. Nikavaa gauni langu la kijivu la Maskati na viatu vya kufunika, nikakata kucha, nikafunga nywele zote nyuma. Mama Tumaini aliponiona mlangoni alishika kiuno.

"Ndiyo umejitengeneza hivi?"

"Ndiyo, mama. Watu hawapendi mapambo."

Hakupata nafasi ya kunijibu, wageni walikuwa uani. Walikuwa wawili. Mmoja ni kaka Simeoni, mtu wa makamo aliyefiwa na mkewe, mpole, anayekaa ukingoni mwa kiti. Mwingine ni shangazi yake, na yeye hakukaa ukingoni. Mama yangu akawapa soda. Shangazi akaanza.

"Binti, kupika unajua?"

"Ndiyo, shangazi. Chakula cha kawaida, na cha wenye sukari, na cha wenye presha."

"Eh, huyu kajipanga. Na mgonjwa ndani ya nyumba utamweza?"

"Ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote."

Shangazi akampiga Simeoni kiwiko. "Umesikia? Haya, binti, na wewe uliza. Mwenye swali asibaki nalo."

Nikakaa sawa. "Ningependa kujua siku za mapumziko ni zipi, na likizo ya mwaka ikoje."

"Likizo? Ya kwenda wapi?"

"Ya kuja kumwona mama."

"Binti, hujaingia unaomba kutoka?"

"Na ikitokea nataka kuacha, natoa taarifa ya mwezi mmoja, au zaidi?"

Mama Tumaini akajifunika uso kwa khanga. Kaka Simeoni akainama, mabega yanatetemeka, nikadhani tumemliza. Alipoinua uso nikaona anacheka mpaka machozi.

"Samahani, dada Salome. Wewe umeambiwa nimekuja kufanya nini?"

"Kuniajiri."

"Mimi nimeambiwa nimekuja kuchumbia."

Mama yangu akasema, "Mimi nilijua tangu juzi."

"Mama! Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilitaka nione mkifika kwenye mshahara itakuwaje."

Tulicheka wote, hata shangazi, ingawa yeye alianza wa mwisho. Tulipotulia, Simeoni akasema maneno ambayo nitayakumbuka maisha yangu yote. Alisema, "Mke wangu bado namlilia, sikuwa natafuta mwingine. Ila mama yangu amepooza upande mmoja. Hataki kula, hataki kuguswa, na kila msichana tunayemleta anaondoka. Nilisimama kanisani kwetu nikasema nina hitaji la nyumbani. Akina mama wakalielewa wanavyojua wao, wakawapigia wenzao wa huku."

"Si mke ndiye angemwangalia?" shangazi akajitetea.

"Shangazi, mimi nilikuwa namtafutia mama mtu, sikuwa najitafutia."

Mnaona, ndugu zangu? Mmoja Kisarawe, mmoja Misugusugu, kila mmoja ana hitaji, hakuna aliyelitaja. Na makanisa mawili yanafunga na kuomba harusi. Lakini Bwana hakuhitaji kutafsiriwa. Alilichukua ombi lenu kama lilivyokuwa, akampitisha mchumba mpaka sebuleni kwetu, na mchumba akawa ameshika kazi mkononi.

Bado kazi haikuwa yangu. Simeoni aliniambia ukweli: nijaribu kwanza, na mama yake akinikubali tutaandikiana mkataba. Nikaenda Kisarawe. Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu na wakala alikuwa anapiga simu.

Bi Marta, huyo mama yake, ni Mzaramo wa kule kule, mwenye uso wa mtu aliyezoea kusikilizwa. Nilimhudumia kama nilivyofundishwa: sauti ya chini, mikono laini, samahani nyingi. Akafumba mdomo. Nikimletea uji anageukia ukutani. Nikitaka kumnyanyua anajikaza upande ule ulio mzima mpaka naogopa nitamuumiza. Siku zikaenda. Simeoni alikuwa ananitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu anayetafuta namna ya kukuaga.

Asubuhi moja nilisimama na bakuli la uji mkononi nikasali kimoyomoyo, Bwana, nimefika mwisho wa ninachokijua. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Haya, Mzaramo wangu, usile. Hizo nguvu za kugoma unazitoa wapi, au unaziweka akiba ya ngoma?"

Jicho moja likanigeukia. Akasema polepole, maana ulimi ulikuwa mzito, "Wewe... kabila gani?"

"Mnyamwezi, bibi."

Akasema, "Ndiyo maana unanishika kama gunia."

Vijana mliozaliwa Kibaha huenda hamjui, naomba niwaeleze. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Zamani watu wetu walishuka kutoka bara na mizigo ya wafanyabiashara mabegani, wakapita katika nchi ya Wazaramo, na kutaniana kukabaki. Mtani hakuogopi na hakuonei huruma. Anakusema usoni, anaingia hata msibani kwako akachekesha watu, na huruhusiwi kukasirika. Bi Marta alikuwa amezungukwa na watu wanaomnong'oneza kama vile ameshakufa. Alikosa mtu wa kumchokoza.

"Kama ni gunia," nikamwambia, "ni gunia la mihogo ya Kisarawe, halina faida sokoni."

Upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. "Mpagazi mkubwa," akasema. "Si kazi yenu kubeba? Nibebe basi. Nataka kukaa nje."

Nikaweka bakuli chini. Nikapitisha mikono chini ya makwapa yake kama ninavyojua, na safari hii hakujikaza. Alinishika shingoni kwa mkono ule mzima. Simeoni alikuwa uani anapiga mswaki. Alipotuona tunatoka mlangoni, mswaki ulimdondoka. Bi Marta alikunywa uji wote pale nje, akisema ni mbaya, na akaomba mwingine.

Tuliandikiana siku hiyo hiyo. Na likizo imo.

Lakini moyo wangu ulikuwa bado na jambo. Kisarawe si Maskati, ila kazi ilikuwa ya kulala huko huko, na mama angebaki peke yake Misugusugu. Safari hii sikusema nina hitaji. Nilimwambia Bi Marta wazi nilipokuwa namkanda mkono. Nikamwambia, bibi, nina mama, na sitaki kumwacha. Akafikiri. Akasema, "Mlete. Nimwone aliyezaa kitu kama wewe."

Mama alikwenda na kikapu cha karanga. Sasa tuko naye Kisarawe siku za kazi, na mwisho wa juma Bi Marta anabaki na watoto wake, sisi tunarudi hapa nyumbani. Wale wawili wanashinda barazani wakitukanana kwa mapenzi. Bi Marta anasimama kwa kushikiliwa. Familia nyingine za kule zimeniomba niwafundishe namna ya kunyanyua wagonjwa wao, na ninafundisha. Yule wakala nilimpigia mwenyewe, nikamshukuru kwa heshima, nikamwambia begi limejaa nguo za mama.

Ndugu yangu uliyerudi nyumbani ukaona umechelewa, usikate tamaa. Yupo Mungu anayejua nyumba ambayo mikono yako inahitajika, hata kama wewe hujawahi kupita mtaa huo. Mwamini. Mwambie yeye, na utuambie na sisi, kwa maneno kamili. Kama ni kazi, sema kazi. Na kama kweli ni mume, Mama Tumaini yuko pale mbele, bado ana nguvu.

Nawashukuru mliofunga kwa ajili yangu. Namshukuru Bwana aliyeelewa. Ningeendelea, lakini mama ameanza kunitazama vile anavyotazama akitaka kuondoka. Naenda naye.