Cedric Thwaite, Aliyekataa Filamu Yake Ichekwe

Marehemu Cedric Thwaite alizaliwa Halifax, Yorkshire, tarehe 3 Novemba 1931, mtoto wa pili wa mzee Harold Thwaite, mfumaji, na mama Edna. Alisoma mtaani kwao hadi alipofika miaka kumi na minne, akaingia kiwanda cha nguo, kazi hakuipenda, akaenda upolisi. Laiti angebaki hukohuko.

Alikuwa mpelelezi kwa miaka minane. Mwaka 1958 alifunga ndoa na Muriel Sugden katika kanisa la Methodisti, Sowerby Bridge, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti, Hester. Kisha akaacha kazi, akaenda London kutengeneza filamu. Wapelelezi wa kwenye filamu, alisema, walikuwa wanamtia kichefuchefu. Yeye angeonyesha ukweli.

Alitoa moja tu, Kifo katika Jumba la Hollinside, mwaka 1962. Humo inspekta anawahoji wageni wote wa jumba, mmoja mmoja, na kila mmoja anamkaribisha chai, naye anainywa yote, maana kukataa chai ya mtu si adabu. Jioni anawakusanya sebuleni amtaje muuaji. Anasimama, ananyoosha kidole, anajikunja, anakimbilia chooni. Siku ya kwanza kuonyeshwa, watu ukumbini wakavunjika mbavu. Marehemu alikaa katikati yao, masikio mekundu, kwa sababu jambo hilo lilimpata mwenyewe, Bradford, mbele ya mkubwa wake. Kampuni ya filamu haikujali. Ilibandika mabango mapya yaliyosema ni kichekesho cha kuwakejeli wapelelezi. Muriel naye alicheka, na mumewe hakumsemesha ndani ya treni ya kurudi Yorkshire mpaka Doncaster.

Basi ikawa ndiyo maisha yake. Popote ilipoonyeshwa alisimama mbele kueleza kwamba huu si mzaha, na watu wakazidi kucheka, wakidhani naye ni sehemu ya mchezo. Jamani, tulichoka. Kila Krismasi alitusihi apatikane mtu mmoja tu wa kuitazama hadi mwisho bila kucheka. Hakupatikana.

Muriel alitangulia mwaka 1999. Mwaka jana marehemu aligundulika kuwa na kansa ya mapafu. Februari hii Hester alimwekea filamu chumbani, akaapa kujikaza, na kweli akajikaza, leso mdomoni, hadi mwisho. Kumbe baba yake hakuwa akitazama filamu. Alikuwa akimtazama yeye.

"Mbona hucheki?"

"Si ndivyo ulivyotaka, baba?"

"Hata pale anapokimbia?"

"Hata pale."

"Basi imechakaa," akasema marehemu.

Hester akacheka kwa nguvu ili kumfurahisha.

"Sasa unanidanganya," akasema mzee, akageukia ukutani.

Hawakupatana juu ya hilo hadi alipofariki, Jumanne, 14 Machi 2006.

Ameacha binti yake Hester, mkwe wake Alan, na wajukuu wawili, Joyce na Martin. Filamu itaonyeshwa ukumbini baada ya mazishi. Anayetaka kucheka acheke, asiyetaka anyamaze; marehemu asingeridhika na yeyote kati yenu. Mola ampe pumziko ambalo sisi tulishindwa kumpa.