Gari Lisilonguruma

Nyaguthii alikuwa ameketi kwenye matatu ya kwenda Kajiado, nyuma ya wanaume wawili, mzee na kijana, ambao hawakujuana mpaka kijana alipotoa kipeperushi cha magari ya stima.

"Mzee, nyinyi wazee wenye magari makubwa nyumbani ndio tunawaomba. Chukueni haibridi ya kuchaji. Stima kwanza, petroli baadaye."

"Niko nayo," mzee akajibu. "Nimeiacha nyumbani, Isinya."

"Na unapanda matatu? Imeharibika?"

"Iko sawa. Haina kelele tu. Ile yangu ya zamani ya diseli, watoto walikuwa wanaisikia kutoka barabarani. Nikifika, chai iko tayari. Juzi nimeingia na hii ya stima mpaka mlangoni, hakuna mtu amejua. Nikapata watoto wangu na dalali, ramani mezani, wanakata shamba yangu ploti. Na mimi niko hai!"

"Ngai!" likamtoka Nyaguthii, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kijana alikunja kipeperushi. "Basi gari imekusaidia, mzee."

"Imenisaidia nini? Na ile ya diseli nilikuwa nalala usingizi."

Gari likasimama Isinya, mzee akashuka. Nyaguthii naye alikuwa wa kushuka hapohapo. Dalali alikuwa akimngoja stejini, amwonyeshe ploti aliyotaka kununua.

Hakuinuka.