Mama Teopista na Fimbo ya Kengele

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Teopista Ofumbi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuongoza magari kwenye daraja letu kongwe la chuma, upande wa Tororo. Mimi, Wandera, nimekaa upande wa Busia kwa miaka ishirini na miwili kati ya hiyo. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu namfahamu. Kweli namfahamu, ila kuna neno nimelichelewesha karibu miaka tisa, na leo sina pa kulificha.

Daraja letu ni jembamba, magari hupita kwa zamu. Dereva wa mwisho kutoka upande mmoja hupewa fimbo, na fimbo ikishafika ng'ambo, ndipo wa huko wanaruhusiwa. Mwaka mmoja Kevo, dereva wa lori la vitunguu, alipitiliza nayo hadi sokoni Busia, nami nimeinamia chai yangu. Foleni pande zote, honi kama harusi! Mama Teopista alidandia boda, akamkuta Kevo anakula chapati, fimbo ameiegemeza ukutani. Hakugomba. Alimngoja amalize, kisha akamrudisha na lori lake aikabidhi fimbo mwenyewe. Kesho yake fimbo ilikuwa imefungwa kengele ya ng'ombe, na tangu hapo haijapotea tena.

Kila asubuhi alishuka mtoni kutazama mstari mweupe kwenye nguzo ya kati. Maji yakiufunika, hapiti mtu. Amefundisha wenzetu sita kazi hii, na wote walianzia kwenye huo mstari.

Novemba 2016 mto ulifurika. Mke wangu Lillian alikuwa na uchungu wa kuzaa, ndani ya gari la jirani, upande wangu, akipelekwa hospitali Tororo. Fimbo ilikuwa kwa Mama Teopista. Nilimpigia simu, nikamwomba, kisha nikamtukana. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema:

"Wandera, hata kama ni mimi niko kwa hiyo gari, singefungua."

Binti yetu Jovia alizaliwa pale pale kwenye foleni, mikononi mwa akina mama waliokuwa wakienda sokoni. Alitoka mzima, na mama yake mzima. Maji yalipopungua, fimbo ilikuja na gari la kwanza, imefungiwa shali ya mtoto. Niliichukua shali, sikutuma hata asante.

Wiki iliyofuata wahandisi walikuta udongo umechimbika chini ya nguzo ile ya kati. Walisema gari moja tu lingetosha kuiangusha. Nilisikia kwa masikio yangu, na bado nilinyamaza. Miaka miwili sikumsalimia, kisha tukarudia salamu kana kwamba hakuna kilichotokea. Yeye hajawahi kunikumbusha. Nimeona aibu sana, Mama.

Wenzako wote wa darajani tunakushukuru. Nenda nyumbani Iyolwa ukapumzike na mihogo yako na wajukuu, Mungu akupe afya na miaka mingi yenye raha.

Ila usiondoke kabla ya saa kumi. Zamu ya mwisho fimbo itakuwa kwangu, na sitampa dereva. Ukisikia kengele inakuja polepole bila mlio wa injini, ni mimi na Jovia, tunavuka kwa miguu kuja kukuomba msamaha.