Stata ya Pikapu ya Mama Vicky

Kwenye kona moja ya Kariakoo, nyuma ya maduka ya ndoo na madumu, lipo benchi ambalo mgambo wamelivunja mara kadhaa, na kila likivunjwa hurudi likiwa refu zaidi. Pembeni yake Seifu huweka jiko la mkaa, birika la kahawa na sahani ya kashata, na kuanzia hapo serikali huwa imepata wapinzani. Asubuhi hiyo nafasi ya watu wawili kwenye benchi ilikaliwa na stata mbili, vile vyombo vya kuwashia injini. Moja kubwa, nyeusi, inanuka mafuta, imechomolewa muda si mrefu kwenye pikapu ya dizeli iliyoegeshwa hapo mbele. Nyingine ndogo, imeviringishwa gazeti, imetoka kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani. Katikati ya hizo mbili alikaa Ansbert, dereva wa pikapu, kikombe mkononi, kahawa imeshapoa.

Pikapu haikuwa yake. Ilikuwa ya Mama Vicky, muuza mchele wa jumla mtaa wa pili. Jana yake, mbele ya wateja waliotoka mbali, Ansbert alizungusha ufunguo, injini ikajibu “tk”, ikanyamaza. Wapagazi wakaja kusukuma, na kwa kuwa wapagazi wa Kariakoo hawasukumi kimyakimya, wakasukuma kwa wimbo. Mama Vicky alisubiri wimbo uishe. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

— Kesho adhuhuri nakuja. Nikute gari inawaka kwa ufunguo. Ikishindikana, huo ufunguo utaniachia mimi.

Ansbert alirudi nyumbani akala, akalala, na mkewe Fortunata hakuambiwa kitu. Sasa jua lilikuwa linapanda, na fundi alikuwa amesimama mbele yake na spana.

— Sema, kaka, — alisema fundi. Jina lake Ismail, ila kwa kuwa ni fundi umeme wa magari, mtaa mzima unamwita Volti. — Hii kubwa kaboni zake zimeisha, zimebaki kama kucha. Meno nayo yamelika. Naweza kuibadilishia kaboni, itakupeleka wiki, itakupeleka mwezi, sijui. Hii ndogo ina gia ndani yake. Inazungusha kwa nguvu na haili betri. Nifunge ipi?

Ansbert alifungua mdomo.

— Subiri kwanza, — alisema Elisaria.

Elisaria ana duka la ndoo na hauzi ndoo moja hata kwa ndugu yake, ndiyo maana anaitwa Jumla. Aliinua stata ndogo kwa mkono mmoja, kubwa kwa mkono wa pili, akafumba macho kama anayepima samli.

— Volti, wewe ni mdogo wangu, nakuheshimu. Lakini hii ni stata au mashine ya kukaushia nywele?

— Ni stata, bro.

— Ya pikapu ya dizeli?

— Ya dizeli kabisa.

— Injini ya dizeli unaijua ilivyo ngumu? Halafu unaipelekea kitu ninachoweza kukitia mfukoni! Mimi kwa mtazamo wangu hata hii kubwa ni ndogo. Mfungie stata ya lori.

— Stata ya lori ni volti ishirini na nne. Pikapu ni kumi na mbili.

— Funga betri mbili.

— Taa zitaungua zote!

— Nani anawasha taa mchana?

Seifu alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye makaa. Ansbert hakucheka. Alitazama kivuli cha nguzo ya umeme, ambacho kilikuwa kinajikunja kurudi kwenye nguzo yake.

— Jamani, mama anakuja adhuhuri, — alisema.

— Ndiyo maana lazima tuende kwa utaratibu, — ilijibu sauti kutoka mwisho wa benchi.

Huyo alikuwa Mzee Abdulswamad, mstaafu wa masjala katika wizara ambayo imebadilishwa jina mara nyingi mno, mpaka mwenyewe anaiita Wizara tu, na jina likamgeukia. Mzee Wizara alitia kashata mdomoni na kuacha watu wangoje.

— Ninyi mnajadili stata ipi. Hakuna aliyeuliza kama stata inahitajika. Pale ofisini kwetu tulikuwa na jenereta la dizeli. Likawashwa siku moja umeme ulipokatika. Umeme ukarudi, jenereta likaendelea.

— Kwa nini halikuzimwa, mzee? — aliuliza Seifu.

— Kwa sababu aliyeidhinishwa kuliwasha alihamishiwa Lindi, na hakuna aliyeidhinishwa kulizima. Lilinguruma mpaka nastaafu. Halikudai stata hata siku moja! Ansbert, kosa lako ni kuzima gari.

— Mzee, nikilala?

— Lingurume. Wewe lala.

— Mimi naona kuna jambo hamlisemi, — alidakia Seifu, akipuliza makaa. — Gari hii imedekezwa. Kila ikigoma, inasukumwa kwa wimbo. Ungekuwa wewe ungewaka? Mngeisukuma kwa matusi ingeshika adabu.

— Hapana, zinakosa baridi, — alisema Jumla. — Hizi stata zinatoka Japani, kule kwenye theluji. Unazileta Bongo, joto hili, zinalegea. Angekuwa ananisikiliza mtu, ningesema ipakiwe barafu kwenye mfuko, kama wanavyofanyiwa samaki sokoni pale Feri.

— Barafu kwenye umeme, — alisema Volti polepole.

— Mfuko wa nailoni! Mimi mjinga?

— Sijasema.

— Uso wako umesema!

Volti alipiga spana kwenye kiganja. Alikuwa na gari jingine linamsubiri Mchikichini, na hilo alilisema, na alilisema kwa mara ya pili. Ansbert alipiga hesabu. Akichagua ndogo ikafeli, Jumla atasema alisema. Akichagua kubwa ikafeli, Volti atasema alisema. Vyovyote vile ufunguo utaondoka naye Mama Vicky, na benchi litabaki na mazungumzo ya mwezi mzima.

Hapo ndipo alipofika Caroline, mtoza ushuru wa maegesho, na kizibao chake kinachong’aa na kimashine mkononi.

— Pikapu hii ya nani? Imesimama, haijalipiwa.

— Karibu, mwanangu, — alisema Mzee Wizara, macho yakimng’aa kwa furaha ya mtu aliyeletewa kazi yake ya zamani. — Shida yako umeiita gari.

— Shikamoo, mzee. Si gari?

— Marahaba. Gari ni chombo kinachojiendesha. Hiki hakina stata, hakijiendeshi. Kisheria ni mzigo. Na mzigo haulipi maegesho.

Benchi lilipiga meza ambayo halikuwa nayo. Caroline aliwaza kidogo, akarudisha kimashine mfukoni.

— Sawa. Kama ni mzigo, mzigo hauruhusiwi kuwekwa barabarani. Uondoeni. Na lori lile pale linataka kushusha.

Nyuma yake lori la madumu lilikuwa tayari linapiga honi. Mzee Wizara alifikiria rufaa, akaona honi ni kubwa kuliko hoja. Wakainuka wote: Volti, Jumla, Seifu na kitambaa chake begani, mzee akiweka kiganja kwenye bodi kwa heshima tu. Ansbert alipitisha mkono dirishani akashika usukani, ambao uliacha kujifunga tangu pikapu hiyo ikiwa na rangi. Wakaisogeza mbele, nafasi ya lori moja.

Mtaa ule una desturi yake. Saa za kushusha mizigo hakuna anayevuta breki ya mkono wala kuacha gia. Gari lako linaachwa huru na dirisha wazi, ili anayetaka kupita alisogeze mwenyewe bila kukutafuta. Anayevuta breki huonekana ana roho mbaya. Ansbert aliiacha huru, kama kila siku, akarudi kwenye benchi. Stata zilikuwa huko, na Mzee Wizara alikuwa hajamaliza.

— Haya, sasa tumelipa kodi ya jasho. Tuendelee.

— Hatuendelei, — alisema Ansbert. — Volti, hii ndogo umewahi kuifunga kwenye gari ya aina hii?

— Nimefunga. Mbili.

— Zinawaka mpaka leo?

— Moja nimeiona juzi Kivukoni, imewaka mbele ya macho yangu.

— Na ya pili?

Volti alikuna shingo.

— Ya pili wameiuza. Mwenye nayo sijui alipo.

— Mnaona! — aliruka Jumla. — Imepotea! Stata ndogo, gari imepotea!

— Imeuzwa, bro! Kuuzwa na stata vinahusiana nini?

— Mtu anauza gari nzima? Kwa nini aliuza? Jibu hilo!

Lori lilikuwa limewaziba kama ukuta. Kutoka upande wa pili zilisikika honi, kisha sauti: “Sogeza hiyo! Twende! Kata kulia!” Kariakoo nzima hupiga kelele hizo kutwa, na masikio ya benchi yalishaziacha zipite. Seifu alimimina tena. Jumla alikunywa kwa hasira, Volti alikunywa ili asijibu, Mzee Wizara alikunywa kwa sababu kikombe kilikuwa mbele yake. Mazungumzo yalifika kwenye swali la kama Wajapani wenyewe huzima magari yao.

Adhana ya adhuhuri ilisikika. Ansbert aliweka kikombe chini.

— Funga ndogo, — alisema.

— Ansbert, mdogo wangu, — alianza Jumla.

— Ndogo. Ikikataa, ni mimi. Si wewe, si Volti, ni mimi. Funga.

Volti hakungoja wazo jingine lizaliwe. Alivua gazeti, akaiweka stata ndogo begani, akalizunguka lori. Ansbert alimsikiliza akienda, akaanza kuvuta pumzi vizuri.

Volti akarudi. Stata ilikuwa bado begani.

— Umesahau spana? — aliuliza Seifu.

— Ansbert, — alisema Volti, — uliisogeza mpaka wapi?

Ansbert alikimbia. Nyuma ya lori palikuwa na mkokoteni wa nyanya. Mbele ya mkokoteni palikuwa na gari la magodoro, mbele yake kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na baada ya hapo mtaa uligawanyika njia tatu, kila njia imejaa migongo ya watu wanaosukuma kitu. Alimuuliza mwenye nyanya.

— Pikapu? Nimeikuta hapa, nikaisogeza kidogo tu.

Alimuuliza wa magodoro. Naye aliisogeza kidogo tu. Wa kirikuu alikuwa ndiyo kwanza anafika.

Aliporudi akihema, Mama Vicky alikuwa amesimama mbele ya benchi, mkoba kwapani.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mama. Hujambo? Watoto hawajambo? Na biashara? — alisema Mzee Wizara, ambaye kwa kawaida salamu zake ni fupi.

— Tunashukuru.

Aliitazama stata kubwa. Aliitazama ndogo begani kwa Volti. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

— Na gari liko wapi?

Jumla alitazama kushoto. Seifu alitazama kulia. Mzee Wizara, aliyekuwa na maelezo hata ya jenereta lisilozimika, alitafuna kashata ambayo ilikwisha zamani.

— Wamelisukuma, mama, — alisema Ansbert.

— Nani?

— Kila mtu. Wa kwanza ni mimi.

Mama Vicky akasogeza stata kubwa kwa ncha ya kidole, akapangusa benchi, akakaa.

— Katafute. Nenda na fundi wako na hicho kidude chenu. Mimi nakunywa kahawa hapa. Nikimaliza kikombe changu sijasikia linawaka, naondoka, na ufunguo utamwachia mzee anitunzie.

— Ahsante, mama!

— Seifu, nimiminie. Jaza. Ya moto, ile isiyonyweka haraka.

Ansbert na Volti walikuwa tayari wamekata kona, wanapiga kelele za kuulizia pikapu. Seifu aliinamisha birika. Akaliinamisha zaidi, mpaka mfuniko ukaanguka, na halikutoka hata tone. Benchi zima, kila mtu kwa wakati wake, likaficha kikombe.