Ndia ya Kisimani ya Fundi Athman

Mwanangu Hadia, wa miaka miwili, amelamba jiwe la mlangoni sasa hivi, akakunja uso, akalilamba tena. Nimemwondoa nikicheka, kisha machozi yakanitoka, maana karatasi hii ni ya babu yake, Bwana Athman bin Barka, fundi wa kutandaza mawe hapa Chundwa. Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na minane, na mwisho wa Shaabani hii ya mwaka 1329 anaiacha. Khatibu wetu, Bwana Abdulghafur, ameniomba niandike mimi, mkaza mwana wake, naye atawasomea Ijumaa. Nimesoma chuoni tu, mtaniwia radhi.

Alianza kwa kuchoma chokaa. Ua wa msikiti ni kazi yake, na ua wa Mzee Badawi pia, ambako mvua ikinyesha maji yote hukimbilia birikani. Akimaliza kutandaza, humwaga kopo la maji akainama kuyatazama. Yakituama popote, jiwe hilo hung'olewa, hata kama mwenye nyumba amesharidhika.

Mawe yetu hukatwa mwambani baharini, yamejaa chumvi. Sharti yalazwe nje masika nzima, mvua iyaoshe. Jiwe likiwekwa na chumvi yake, chokaa huliachia, likacheza kama jino bovu. Basi Bwana Athman aliyalamba yote, moja moja, kabla ya kuyaweka. Wanawake wa kisimani walimtania: "Fundi, mchuzi wa leo umekolea?"

"Umezidi, mama. Huu mpelekee mkweo."

Masika ya mwaka juzi, shoga yangu Rahima aliteleza na mtungi kwenye ndia ya kisimani, njia ya udongo ya kwendea maji, mimba ikatoka. Bwana Athman akasema ataitandaza ndia hiyo yote, kisha apumzike. Lakini mwezi wa Shawali homa ilimlaza wiki tatu, na ilipomwacha, ulimi wake haukuonja kitu tena. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua. Siku moja nilitia chumvi mara mbili kwenye uji, akaunywa wote akanishukuru. Nikanyamaza. Nilidhani ulimi wake utarudi kuonja, tena niliona haya kumwambia baba mkwe wangu kwamba hawezi.

Akaendelea kulamba mawe, na kuyakubali yote, akaitandaza ndia. Masika hii yametoka unga mweupe wa chumvi, na sasa yanacheza yote, kutoka kisimani hadi msikitini. Wazee wamesema yaachwe, hakuna mwingine ajuaye kazi hiyo. Na Rahima ana mimba tena, ya miezi saba, na kila asubuhi hupita hapo na mtungi kichwani. Namtazama hadi anapofika, ndipo navuta pumzi. Baba mkwe naye hatoki, amelala ameelekea ukuta.

Kosa ni langu pia, Ijumaa mlisikie. Lakini naomba yang'olewe, yalazwe nje, masika ijayo ikiisha yatakuwa yamepoa, chumvi imetoka. Bado natumaini.

Bwana Athman, twakushukuru kwa kila ua ambamo watoto wetu wanatambaa bila kuumia. Mola akupe siku za raha, akurudishie ladha ya chakula, na magoti yako

Rahima yuaniita uani. Asema mzee ameonekana ndiani na mtaimbo, amepiga magoti, ang'oa mawe peke yake, mikono yatoka damu, na watu wamesimama kumtazama tu, nami nakwenda kumwambia kwamba nilijua, tangu siku ya uji.