Kuku Aliyetunza Siri ya Baba Neema

Bwana asifiwe, wapendwa! Itikieni vizuri, maana leo natubu mbele ya Mhehe, na kwa sisi Wagogo hilo si jambo dogo.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi Mama Neema wa hapa Haneti, miaka yote ya ndoa sikujua bei ya gunia la alizeti. Mume wangu ndiye aliyeuza, ndiye aliyetunza. Nikitaka chumvi, naomba hela ya chumvi. Nikimuuliza nyingine ziko wapi, anajibu, "Zipo, mama, zipo." Basi Bwana akamtwaa ghafla, na hiyo "zipo" akaenda nayo kaburini.

Nilitafuta! Nilipasua godoro. Nilichimba chini ya kitanda mpaka kitanda kikainama. Nilifunga siku tatu kavu nikiomba maono, nikaota ugali. Na Neema alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, ada inasubiriwa. Nikaona sina ujanja, niuze shamba. Nikapata mnunuzi, tukakubaliana tuandikishane Jumatatu kwa mtendaji wa kijiji. Ndugu zangu, shamba lile ndilo lililokuwa linatulisha. Nililia.

Jumamosi ya kabla yake ilikuwa arobaini ya marehemu. Mtani wetu, yule Mhehe fundi cherehani, nilikuwa nimemkataza kuja. Siku ya mazishi alishuka kaburini akidai alipwe ndipo atoke, kama watani wafanyavyo, na mimi nimeokoka, sitaki mambo ya dunia. Nilimkemea kwa jina la Yesu, tena kwa sauti.

Akaja hivyo hivyo! Akaingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu, ameshika fimbo yake, anatembea kama yeye, bega moja chini. "Mimi Baba Neema, nimetoka kuuza alizeti!" Akawapita watu wote bila salamu, moja kwa moja hadi banda la kuku, akainama. "Shikamoo, mama kuku! Umelalia vizuri? Usimwambie mke wangu!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu tuzike. Halafu kicheko kikanikatika. Kwa sababu ni kweli! Kila akitoka kuuza alizeti, mume wangu alianzia kwa kuku, na mimi nikidhani anapenda mayai.

Nikaingia bandani mbio, kuku akanidonoa mikono yote miwili. Nikamtoa, nikafukua chini ya kiota, nikakuta kopo la maziwa, na ndani yake ada ya Neema, na ziada! Wapendwa, kuku huyo nilikuwa nimemwahidi mchungaji. Mchungaji, nisamehe, huyo hatoki.

Shamba sikuuza. Neema yuko chuoni. Pesa sasa naweka kwenye kikoba cha akina mama, na Neema anajua kila kitu kilipo. Bei ya alizeti niulizeni mimi, nitawaambia hata ya jana.

Bwana alinijibu kwa kinywa cha mtu niliyemkemea! Nilimuuliza alijuaje. "Sikujua kitu, mtani. Nilikuwa namwiga tu." Yule pale nyuma, amevaa koti lile lile, nilimpa. Nikiliona mgongoni mwake, moyo wangu bado unaruka, nadhani ni Baba Neema.

Mtumainini Mungu, ndugu zangu, hata anapomtuma Mhehe! Na nyinyi akina baba, mnawapenda wake zenu? Basi leo leo mkifika nyumbani, waambieni ziko wapi. Kuku hasemi. Amina!